Alama Juu ya Jina Langu

Nyumbani kwangu hakuna kifutio. Binti yangu anayesoma darasa la nne hulitangaza jambo hilo kwa wenzake kama kasoro ya familia: wengine wana mama wanaokataza soda, yeye ana mama anayekataza gome, yaani kifutio. Akikosea hesabu hupiga mstari juu ya kosa na kuandika upya pembeni. Juzi alirudi na kifutio cha kuazima, na kabla sijamwona ameketi mezani nilikwisha kuisikia harufu yake kutoka jikoni, ile harufu ya mpira uliopashwa moto na vidole. Nilimwambia akirudishe. Akaniuliza kwa nini, nikamjibu kwa ukali ambao wala haukumhusu. Baadaye niliketi peke yangu nikaona aibu, maana nimefika umri huu sijamwambia mtu yeyote nilichokifanya kwa kifutio siku moja katika nyumba ya Koko, hapo Kamembe.

Koko alikuwa mama yake mama. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, Bukavu, akahamia upande wetu na biashara yake, na kila asubuhi alivuka mpaka pale Rusizi ya Kwanza na beseni la nyanya kichwani, akirudi mchana beseni likiwa tupu na mguu ukiwa umevimba. Kusoma hakujua. Aliweza kutambua noti za nchi mbili kwa kuzipapasa tu, lakini barua ilipokuja aliishika juu chini akasubiri nirudi shuleni. Papa alifanya kazi za zamu kwenye kiwanda cha saruji kule Muganza, tulimwona Jumapili moja moja, akiwa bado na vumbi jeupe masikioni. Kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wawili, mimi na Koko.

Mama alifariki nikiwa natambaa. Tulikuwa na picha yake moja, na hiyo nayo alikuwa amefumba macho kwa sababu ya jua. Nilizoea kuitazama nikidhani watu wote waliokufa hupigwa picha hivyo. Sauti yake sikuikumbuka hata kidogo, na kusema kweli sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa nayo.

Katika ukoo wa Koko, mwanamke akifiwa na mtoto humtungia kilio. Sisemi kilio cha machozi tu, nasema maneno yaliyopangwa, mistari yenye mwendo wake, inayosemwa siku ya matanga na kisha mara moja kila mwaka, basi. Wasichana ambao hawajakomaa hawaruhusiwi kukisikia, seuze kukisema. Wakikibeba mdomoni mapema, waliamini, watakwenda nacho kwenye ndoa zao. Basi kila mwaka siku hiyo ilipofika nilipelekwa kwa jirani yetu, nikala mandazi mpaka tumbo likauma, nikarudishwa jioni na kuwakuta wanawake wa ukoo macho yamewavimba. Kilio hicho kilikuwa cha mama yangu, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijakisikia.

Mwaka ambao nilikuwa darasa la tano, kifua cha Koko kilianza kumsumbua. Alikohoa akipanda mlima, akakohoa akishuka. Nilimsikia akimlalamikia jirani uani: "Nikienda mbele ya huyu katoto kukomaa, nani atamupatia kilio ya mama yake? Dada zangu beko Bukavu, bamoja bamesahau, bamoja bamekufa."

Jibu lilikuja sokoni, kwa miguu, likitaka nyanya. Alikuwa Madamu Solange, mwalimu wa chuo kimoja cha Bukavu, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa akitafuta wanawake wenye vilio kama hivyo ili ajifunze namna sauti inavyotembea ndani yavyo. Alipokuja nyumbani mara ya kwanza alitoa mfukoni kimashine cha kurekodi akakiweka juu ya kigoda. Koko alikitazama kana kwamba mtu ameweka chura.

"Hapana, Madamu. Kilio hakiingie mu mashini. Kesho muntu atakifungua siku ya harusi, bantu beko nakula."

"Maman, bila mashini nitafanyaje?"

"Andika. Karatasi haina kinywa."

Wakakubaliana, lakini kwa masharti ya Koko. Daftari litalala nyumbani kwetu, kwenye valizi ya nguo chini ya kitanda, mpaka kazi iishe, kwa sababu kilio hakilali ugenini. Na mistari itatolewa kuanzia wa mwisho kwenda wa kwanza, mmoja mmoja, ili kifo kisidhani kinaitwa. Kwa mpangilio huo wa kinyumenyume hata mimi niliruhusiwa kuwepo uani, maana hicho hakikuwa kilio bado, yalikuwa maneno tu yamelala chali.

Alhamisi baada ya Alhamisi Madamu alivuka mpaka, akaketi kwenye mkeka, nami nikawaletea chai. Koko alisema mstari. "Uliacha chungu ku moto, mama, nani atakishusha." Madamu akaandika maneno kwa kalamu ya bluu. Kisha akachukua penseli na kumwomba Koko arudie, polepole. Koko akarudia. Madamu akaweka kimstari juu ya herufi moja. Arudie tena. Kimstari kingine, kilichoinama upande wa pili. Tena. Hapo kikofia, pale nukta mbili, kule kiwimbi kidogo kilicholala. Mstari mmoja uliweza kuwachukua saa nzima, na ulipoisha maneno ya Koko yalikuwa yamejaa alama juu na chini.

Ninyi mliosoma miaka yetu mnaikumbuka dikte. Mwalimu wa Kifaransa anasoma akizunguka na fimbo, ninyi mnaandika, na madaftari yakirudi yana alama juu ya herufi. Kila aksan uliyoisahau, mwalimu ameiweka mwenyewe: kimstari cha kupanda, kimstari cha kushuka, kikofia. Kila moja ni kosa. Makosa kumi, sifuri, na sifuri ilisomwa kwa sauti mbele ya darasa zima. Mimi sikupata sifuri. Mimi nilikuwa mtoto wa dikte safi, madaftari yangu yalipitishwa darasa hadi darasa yaonwe, na majivuno yangu yalianzia hapo na kuishia hapo.

Basi nilipochungulia daftari la Madamu Solange nilielewa mara moja, kwa uhakika ule ambao mtoto pekee anao. Koko alikuwa anafeli. Ndiyo maana aliambiwa arudie kila mara. Ndiyo maana alama zilizidi kila Alhamisi. Madamu alikuwa mwalimu mwenye huruma, alitumia penseli badala ya wino mwekundu, lakini makosa ni makosa, na Koko wangu alikuwa nayo mengi mpaka niliacha kuyahesabu. Kilichonichoma zaidi ni kwamba mwenyewe hakujua. Alikunywa chai yake akicheka, akimuuliza Madamu, "Hapo tumefika wapi?" na Madamu akijibu, "Maman, muko nanipatia mali." Nilidhani anamfariji.

Nilianza kumwonea aibu Koko. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilionea aibu *ba* zake na *mu* zake, Kimashi, lugha ya kwao, alichokichanganya, jinsi alivyovuta maneno. Alipokuja kunichukua shuleni nilitembea hatua kumi mbele. Aliita, nikajifanya sisikii.

Alhamisi moja walikaribia mwanzo wa kilio. Koko alisema, "Uliacha Faida ku mulima, nani atamwita." Faida ni mimi. Mama alinipa jina hilo, kwa mujibu wa Koko, kwa sababu nilizaliwa siku ambayo beseni la nyanya liliuzwa lote kabla ya saa nne. Nikasogea nisikie zaidi, lakini Koko alinigeukia.

"Nenda uteke maji."

"Maji iko, Koko."

"Nenda."

Nilikwenda bombani na ndoo iliyokwisha kujaa nusu. Niliporudi Madamu alikuwa anafuta miwani yake kwa ncha ya kitenge. Daftari lilikuwa wazi. Mwishoni mwa mstari ule, peke yake, liliandikwa tena jina langu, *Faida*, na juu yake na chini yake alama za penseli zilikuwa zimerundikana kuliko mahali pengine popote. Herufi tano, na sikuweza kuziona vizuri kwa wingi wa alama. Hata jina langu hawezi, niliwaza. Hata jina langu mimi.

"Tukimaliza, Maman," Madamu alisema akifunga begi lake, "nitaisoma mbele ya baprofeseri benzangu. Babe kimya, basikie."

Koko alicheka kwa furaha, akajifunika mdomo. Mimi nilisikia baridi. Niliona ukumbi wa walimu, miwani mitupu, na Madamu akisoma sifuri ya Koko kwa sauti.

Jumatano iliyofuata hatukuwa na shule mchana. Koko alikuwa ng'ambo. Nilivuta valizi chini ya kitanda, nikatoa daftari, nikaketi sakafuni penye mwanga wa mlango na kifutio changu cha mtoto wa dikte safi. Nilifuta ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilifanya kazi nzuri, sitajisingizia uzembe: niliushika ukurasa kwa kidole na dole gumba usikunjike, nikapuliza vumbi, nikaangalia pembeni kama hakuna nukta iliyosalia. Kwenye jina langu penseli ilikuwa imekandamizwa sana. Nilisugua mpaka karatasi ikachanika kidogo na wino wa bluu nao ukaondoka. Basi nikaliandika jina upya pembeni, kwa mwandiko wangu wa shule. Nilikusanya vijinyuzi vya mpira nikavitupa kwenye migomba. Nilijisikia vizuri. Hilo ndilo ninaloshindwa kulisamehe kwa urahisi, kwamba nilijisikia mtoto mwema, nikapika viazi, na Koko aliporudi nikamkanda mguu bila kuambiwa.

Kesho yake Madamu alitangulia kufika. Koko alikuwa amekwama mpakani kwenye foleni. Nilimtolea daftari mwenyewe, kwa fahari. Alilifungua, akageuza ukurasa, akageuza mwingine, akarudi nyuma. Hakupandisha sauti.

"Nani alifuta?"

Nikaona uso wake, na hapo hapo nikajua kwamba nimekosea, ingawa sikujua nimekosea nini.

"Miye."

"Nani alikutuma?"

Kulikuwa na kuku uani anaparuza majani. Ninamkumbuka yule kuku kuliko watu wengi niliowahi kuishi nao. Nilimtazama yeye nikasema:

"Koko."

"Alisema nini?"

"Alisema hapendi tena."

Madamu Solange alikaa kwenye mkeka. Aliliweka daftari mapajani, akapitisha kidole mahali penye jina langu, pale palipochanika. Hakuniuliza tena kama ni kweli. Kwake mtu anayekataa kilio chake ana haki, na mtoto hawezi kutunga jambo kama hilo.

"Maneno muntu yoyote anaweza kuandika," alisema polepole, zaidi akijiambia mwenyewe. "Hizi alama zilikuwa sauti yake. Hapa inapanda, hapa inashuka, hapa anavuta, hapa anakata pumuzi. Uliona kila mustari unashuka ku mwisho? Yote alinipatia inashuka. Mumoja tu unapanda. Huu wa jina yako." Akanitazama. "Ile haikuwa sauti ya Koko, Faida. Ni vile mama yako alikuwa anakuita. Koko wako aliichunga miaka hii yote."

Nilimwomba aniambie ilikuwaje. Nilimwomba kwa sauti ndogo kabisa.

"Siwezi. Amekatala, na kilio ni yake. Nikiisema nitakuwa nimeiba."

Neno moja lingetosha pale. Lilikuwa karibu, mdomoni kabisa. Lakini huyu alikuwa mwalimu, na mimi mbele ya mwalimu sikuwahi kuwa mtoto mwenye kosa, sembuse mwongo. Akauliza kama amsubiri Koko ili wazungumze. Nikasema Koko amekwenda Nyakabuye na atalala huko. Uongo wa pili ulitoka bila shida yoyote, kwa lugha safi. Madamu aliliacha daftari juu ya mkeka, akasema ni la mwenye nyumba, akanishika kichwa, akaondoka. Nikalirudisha kwenye valizi, na kabla haujapita hata muda wa maji kuchemka Koko aliingia, akiwa anahema, akauliza, "Madamu hajafika?"

"Hajafika," nikasema.

Alhamisi iliyofuata Koko alivaa kitenge chake cha kanisani mapema, akatandika mkeka. Alikuwa amebakiza mistari miwili tu, ile ya mwanzo. Madamu hakuja. Alhamisi nyingine akatandika. Alianza kujipangia sababu: mpaka umefungwa, Madamu anaumwa, mvua. Baadaye aliacha kutandika lakini aliendelea kuvaa kitenge. Siku moja nilimkuta ameketi kizingitini akitazama njia, akasema bila hasira:

"Labda alisikia ni bintu bya bajinga. Bantu ba masomo, hawasemi, banaacha tu kuja."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na begi la shule mgongoni. Nilisema nina dikte ya kujifunza, nikaingia ndani.

Hakumtafuta. Alikuwa na kiburi cha wauza nyanya, hawambembelezi mteja aliyekwisha kupita. Daftari likabaki kwenye valizi, na yeye akaamini kwamba humo ndani, isipokuwa mistari miwili, kilio chote kimelala salama pamoja na sauti yake, na kwamba nikikomaa nitakifungua nikisikie. Alinikumbusha mara kwa mara: "Ile karatasi, usiiguse kwanza." Nikaitikia.

Nilikuwa nakaribia kumaliza sekondari Koko alipoanguka jikoni. Upande mmoja wa mwili ulilala na mdomo ukapinda. Maneno aliweza, kwa shida, lakini sauti ilikuwa imekuwa moja tu, bapa, haipandi wala haishuki. Papa alikuja akakaa wiki nzima. Alasiri moja, Papa akiwa ametoka kutafuta dawa, Koko alinionyesha chini ya kitanda kwa mkono uliokuwa mzima.

"Umekomaa sasa. Soma. Anza mwanzo, nisikie."

Mistari miwili ya mwanzo aliisema mwenyewe, kwa ile sauti bapa. Kisha akangoja. Nikafungua daftari, nikasoma kutoka nyuma kuja mbele. Nilisoma vizuri, kila neno mahali pake, kama tulivyofundishwa. Uliacha Faida ku mulima, nani atamwita. Nikafika kwenye jina langu, likiwa limeandikwa pembeni ya karatasi iliyochanika, nikalisoma jinsi linavyosomwa kwenye orodha ya mahudhurio.

Koko alifumbua macho. "Huyo ni nani?"

"Ni Faida, Koko. Jina yangu."

"Hapana. Mama yako hakukuita vile. Soma tena."

Nikasoma tena. Nilijaribu kulipandisha, nikalivuta, nikabahatisha, na kila nilipobahatisha alitikisa kichwa kidogo juu ya mto. Akajaribu mwenyewe kunionyesha. Alivuta pumzi, mdomo ukafunguka upande ule uliobaki, akasukuma, na kilichotoka ni hewa. Akajaribu mara ya pili. Hewa tu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Nilimfuta kwa kiganja changu, na nilijua kwamba duniani kulikuwa na mtu mmoja aliyebaki na sauti ya mama yangu, na ilikuwa imefungiwa ndani ya mdomo huo mbele yangu, na mlango mwingine pekee niliufuta kwa mkono wangu mwenyewe. Ningemwambia. Nilifungua mdomo nimwambie.

Yeye akatangulia. Alitazama daftari lile ambalo hakuweza kulisoma, akalitazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Basi ni miye," alisema. "Nilimupatia Madamu mubaya. Kifua kilikuwa kinanisumbua, sauti haikutoka muzuri, akaandika vile alisikia. Ndiyo sababu hakurudi." Akanishika kidole. "Nimekupotezea mama yako, Faida. Unisamehe."

Nikamwambia nimemsamehe.